Simu ya kazi na mfuko wa mwalimu

Wako watu wasemao kwamba simu ni jambo dogo, lisilostahili kupewa nafasi katika ukurasa wa maoni wa gazeti la Chama. Sikubaliani nao. Chombo ambacho mtumishi wa umma hukitazama asubuhi kabla hajanawa uso, na ambacho akikikosa atapata shida kuomba likizo, kuona hati yake ya mshahara au kujaza taarifa za utendaji wake wa kazi, hakiwezi kuwa jambo dogo. Ni kitendea kazi, kama zilivyo chaki na daftari la mahudhurio. Na kitendea kazi cho chote kina maswali mawili ambayo umma una haki ya kuyauliza: je, kinafaa? Na nani anayekilipia?

Naandika haya kutoka Bujora, karibu na Kisesa, wilayani Magu, yapata kilomita 20 kutoka mjini Mwanza kwa barabara ya kwenda Musoma. Waliowahi kufika hapa wanayajua majabali yetu, na wanaijua Makumbusho ya Wasukuma iliyoasisiwa na Padre David Clement katika miaka ya 1950. Nafundisha shule ya msingi. Mwaka jana, baada ya kitochi changu cha miaka mingi kukataa kabisa kushika chaji, nilinunua simu janja mpya mjini Mwanza kwa fedha iliyonigharimu sehemu kubwa ya mshahara wa mwezi. Jina la aliyeitengeneza silitaji, maana hapa si mahali pa matangazo ya biashara wala pa kuchafuliana majina. Inatosha kusema kwamba ni simu ya bei ya kati kwenda chini, ya namna ile ile inayoshikwa na walimu wengi wa Kanda ya Ziwa.

Tuanze na haki yake. Betri yake ni ya miliampea-saa 5,000. Nikiichaji Jumatatu usiku, na nisipoichezea, hunifikisha Jumatano asubuhi. Kwa mtu wa mjini hilo laweza kuwa jambo la kawaida. Kwetu sisi, ambao umeme hukatika bila kuaga, ndiyo sifa ya kwanza ya simu. Inachukua laini mbili, kwa hiyo mtandao mmoja ukififia nyuma ya majabali, ule wa pili waweza kunisikia. Ina tochi. Ina redio, ingawa ni lazima uchomeke waya wa masikioni ndipo isikike. Kamera yake hupiga picha ya ubao mzima, na mwanafunzi aliyekuwa mgonjwa huletewa somo nyumbani kwa simu ya mjomba wake. Ni kweli kwamba sifa kama hizi hazikuja kwa bahati. Kampuni ya Transsion ya Shenzhen, nchini China, yenye alama za Tecno, itel na Infinix, ilijijengea soko barani Afrika kwa kuweka laini mbili, betri ya kudumu na kamera inayoijua rangi ya ngozi yetu, wakati ambapo makampuni mengine yaliyokuwa na majina makubwa hayakutujali. Mfanyabiashara aliyejifunza maisha ya mnunuzi wake anastahili kusifiwa kwa hilo, hata kama alifanya hivyo kwa faida yake.

Lakini sifa kubwa zaidi imo katika kazi. Mwalimu aliyeajiriwa zamani anakumbuka safari za kwenda makao makuu ya wilaya kufuatilia barua moja tu: nauli, siku nzima ya kazi, na mara nyingi jibu la kwamba mhusika ametoka, njoo kesho. Leo mtumishi anaingia katika mfumo wa ESS, anaona hati yake ya mshahara, anaomba likizo, anaomba uhamisho, wala hakuna wa kumwambia aje kesho. Hilo ni pigo halisi kwa urasimu, na wale waliolibuni wanastahili pongezi. Aidha, mwalimu wa kijijini asiye na vitabu vya kutosha anaweza kufungua Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania akakisoma kitabu cha kiada kilichokosekana kabatini. Mzazi huyaona matokeo ya mtihani wa mwanawe siku yanapotangazwa. Ada ya Serikali hulipwa kwa kumbukumbu namba, na fedha huingia panapostahili badala ya kuishia mkononi mwa mtu. Mimi binafsi, kama simu isingekuwa na jema jingine, kwa hayo tu ningeinunua tena.

Sasa tuutazame upande wa pili.

Simu hii haikutengenezwa kwa jua la saa sita. Ukiwa uwanjani na wanafunzi, kioo hugeuka kuwa cheusi, ukajiona uso wako mwenyewe badala ya ujumbe. Kioo chenyewe ni chepesi mno. Sijui mwalimu ambaye chake hakijachora ufa. Ilikuja na programu chungu nzima zisizofutika, nyingine zikileta matangazo ya michezo ya kubahatisha kwa mtu ambaye hakuyaomba. Usiku, wakati mwenyewe umelala, hujiongezea vitu vipya kutoka mtandaoni na kula kifurushi ulichonunua jioni. Wajuzi wataniambia kwamba jambo hilo laweza kuzuiwa katika mipangilio. Ni kweli, nami nimelizuia, lakini nilifundishwa na kijana wa darasa la saba baada ya kupoteza vifurushi vitatu.

Na Kiswahili hakijui sawasawa. Mwezi uliopita niliandika ujumbe kwa kundi la wazazi kwamba siku ya Jumamosi wazazi wote waje na majembe. Simu, ikijiona mjuzi kuliko mimi, ikaligeuza neno “waje” kuwa “wake”, ambalo kwake ni neno la Kiingereza lenye maana ya kuamka. Wazazi wakasoma “wazazi wote wake na majembe”. Mzee mmoja jirani yangu, mtu wa mizaha, akanipigia kuniuliza: “Mwalimu, ng'wanawane, hao wake tuwalete wangapi wangapi?” Tulicheka sana. Lakini kicheko kilipokwisha nilibaki na swali. Lugha hii inazungumzwa na mamilioni ya watu katika nchi nyingi za Afrika Mashariki na Kati, na mwaka 2021 UNESCO iliitengea siku yake duniani, tarehe 7 Julai. Itakuwaje chombo kinachouzwa kwetu kwa wingi kiasi hiki kiendelee kuisahihisha kana kwamba ni Kiingereza kilichokosewa? Na Kisukuma je? Hicho hakimo kabisa.

Hizo ni kasoro za chombo, na mtu aweza kuzizoea. Ziko nyingine ambazo si za chombo bali za watu wanaojificha nyuma yake, nazo ndizo zinazoumiza.

Katika Makumbusho ya Bujora yapo maonyesho ambayo wageni wengi huyapita haraka. Yanaonyesha jinsi marika mbalimbali ya Wasukuma wa zamani yalivyokuwa na maneno yao tofauti ya kuhesabu kuanzia moja hadi kumi. Aliye nje ya rika hakuelewa waliomo wanahesabu nini. Hiyo ilikuwa namba ya siri, na ilitunzwa. Huwapeleka wanafunzi wangu kuyaona kila mwaka, kisha nikawauliza ni wangapi kati yao wanaojua namba ya siri ya simu ya bibi zao. Mikono karibu yote hunyanyuka! Bibi hakusoma, hutoa simu kwa mjukuu, kwa jirani, hata kwa mpita njia amsomee salio, naye huitaja namba kwa sauti. Ndiyo maana ujumbe wa matapeli, ule wa kwamba ile fedha itume kwenye namba hii, bado unapata wa kuwanasa miaka mingi baada ya umma kuanza kuonywa. Kutojua kusoma na simu janja ni mchanganyiko wa hatari, na elimu ya watu wazima, ambayo wengi wetu tumeiona kama jambo la historia, ina kazi mpya hapa.

Wasomi nasi tusijione tumepona. Wako walimu na makarani walionaswa na mikopo ya simu, ile ambayo wananchi wameipa jina la kausha damu. Mkopaji hubofya mara tatu na fedha huingia. Hakuna mdhamini, hakuna fomu. Mdhamini, kumbe, ni orodha ya majina iliyomo ndani ya simu yake, aliyoikubali isomwe bila kusoma masharti. Akichelewa kulipa, mkwewe, mwalimu mkuu wake na katibu wa kikundi chake cha kuweka na kukopa hupokea ujumbe kwamba fulani ni mdaiwa sugu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikiendeshwa bila leseni, ikazipiga marufuku. Aidha, tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Hatua hizo ni njema. Lakini unyonyaji wa namna hii hubadili jina na kurudi kwa mlango mwingine, na aliyefedheheshwa mbele ya wakwe zake mara chache huenda kushitaki. Ingefaa vyama vya wafanyakazi vilichukue jambo hili kama lao, kwa kuwa wanaoumizwa ni wanachama wao, na kwa kuwa SACCOS za watumishi ndizo zingepaswa kuwa kimbilio kabla mtu hajabofya.

Nimefika sasa kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Kuanzia mwaka wa fedha 2023/2024, upimaji wa utendaji kazi wa watumishi umehamia katika mfumo wa PEPMIS, uliochukua nafasi ya zile fomu za OPRAS. Mtumishi huingiza malengo yake na kazi zake, huonyesha hatua aliyofikia, na msimamizi wake huthibitisha. Nia yake ni nzuri. OPRAS ilikuwa imegeuka kuwa karatasi za kujazwa mwisho wa mwaka kwa kumbukumbu za kubuni, na kila aliyewahi kuzijaza anajua ninachosema. Sina ugomvi na upimaji. Mwalimu anayelipwa na umma lazima apimwe na umma. Swali langu ni jepesi: ninapoingia katika mfumo huo nikiwa Bujora, naingia kwa simu ya nani na kwa kifurushi cha nani?

Kwa mwezi mzima niliweka hesabu katika daftari. Kila niliponunua kifurushi niliandika tarehe na bei, na kila siku niliandika kilichotumika kwa shughuli zangu na kilichotumika kwa kazi: kuingia katika mfumo, kutuma idadi ya wanafunzi waliohudhuria, kupakua nyaraka zilizotumwa katika kundi la WhatsApp la kata, kupiga picha za ujenzi wa choo na kuzituma zilikoagizwa. Ilipofika mwisho wa mwezi, zaidi ya nusu ya fedha ya vifurushi ilikuwa imetumika kwa kazi ya mwajiri. Hayumo mwalimu anayedaiwa kununua chaki, na yule anayelazimika kuinunua hutambulika kuwa ametendewa isivyo haki. Kifurushi kimekuwa chaki, lakini hakimo katika orodha ya mahitaji ya shule.

Najua jibu litakalotolewa. Litasemwa kwamba Serikali iliwagawia walimu vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022. Ni kweli, na lilikuwa jambo la busara kubwa, kwa kuwa chombo kilichonunuliwa kwa kazi moja ya Taifa kilipewa kazi ya pili badala ya kuoza stoo. Lakini kishikwambi bila kifurushi ni kioo cha kujitazamia. Vingine vimekwisha betri, vingine vimepasuka, na fungu la kuvitengeneza halijulikani liko wapi. Litasemwa pia kwamba mwalimu anayo simu yake anayoitumia kutazama mpira, kwa hiyo asilalamike. Hoja hiyo ni dhaifu. Mwalimu anazo pia baiskeli na mwavuli. Hatujapata kusikia ofisi ikipanga ratiba zake kwa kutegemea mwavuli wa mwalimu.

Na si fedha tu. Kuna suala la saa. Ujumbe wa kazi unaingia saa nne za usiku: takwimu hizi zinahitajika kabla ya saa mbili asubuhi, ye yote asiyeleta aandike maelezo. Aliyeuandika naye huenda ameandikiwa na wa juu yake saa tatu na nusu. Zamani agizo lilikuja kwa barua, likachukua siku tatu njiani, na mkubwa alilazimika kupanga kazi yake mapema. Simu imemwondolea haja ya kupanga, na mzigo wa kutopanga kwake umeteremshwa hadi kwa aliye chini kabisa. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwaonya viongozi dhidi ya majivuno na ugandamizaji wa walio chini yao. Waliouandika hawakuijua simu janja, lakini walimjua mtu anayependa kuamrisha.

Wenye umri wangu wanayakumbuka mambo yalivyokuwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwanza ndiyo iliyokuwa makao ya mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, uliosaidiwa na UNESCO katika mikoa ya kandokando ya Ziwa kuanzia mwaka 1968. Kisha mwaka 1973 ikaja kampeni ya redio ya Mtu ni Afya, iliyowafikia watu wapatao milioni mbili nchini kote. Watu walikaa kwa vikundi chini ya mti kuizunguka redio moja, wakasikiliza, wakajadili, wakaenda kuchimba vyoo. Sisemi turudi huko. Redio ilisema na sisi hatukuweza kuijibu, na simu katika hilo imeishinda mbali. Ninachokikumbuka ni mpango wa gharama zake. Kikundi kilihitaji redio moja na mawe yake ya betri, basi. Mawimbi ya redio hayakumkata mtu salio kwa kosa la kujifunza. Waliopanga kampeni ile waliyafikiria maisha ya msikilizaji kabla hawajamwambia asikilize.

Mpango wa namna hiyo unawezekana hata sasa. Mifumo ya kazi ya Serikali, yaani ESS, PEPMIS na Maktaba Mtandao, ifunguke katika simu ya mtumishi bila kukata kifurushi chake, kwa makubaliano kati ya Serikali na makampuni ya simu chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Mawasiliano. Makampuni hayo yamepata faida kwetu tangu siku tulipoanza kutumiana fedha kwa simu mwaka 2008. Hayataanguka kwa hilo. Pale ambapo jambo hilo litachelewa, shule iruhusiwe kununua kifurushi kutoka katika fedha za uendeshaji na kukiandika wazi wazi katika vitabu vyake, kama inavyoandika chaki.

Natahadharisha kuhusu njia ya kupunguza kodi peke yake. Mwaka 2021 simu janja zilisamehewa Kodi ya Ongezeko la Thamani ili wananchi wengi wazimudu, na mwaka uliofuata msamaha huo ukaondolewa. Mimi sikuona bei ikishuka katika maduka ninayoyajua. Nafuu inayopitia kwa mfanyabiashara yaweza kukwama kwake. Kwa upande mwingine, mwaka huo huo wa 2021 wananchi walipolalamikia tozo za miamala ya simu zilizoanza Julai, Serikali ilizipunguza kwa asilimia 30 ilipofika Septemba. Basi si kweli kwamba mambo haya yakisemwa hayasikilizwi.

Nitaongeza jambo moja, ingawa liko mbali kidogo na ofisi ya mwalimu. Ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza iko Geita, na ndani ya kila simu imo chembe ya dhahabu. Imo pia tantali, inayotokana na koltani ya aina ile inayochimbwa Rubaya, Kivu ya Kaskazini, katika nchi ya jirani zetu ambao damu yao imemwagika miaka mingi kwa sababu ya udongo huo. Madini yanatoka kuzunguka Maziwa yetu, yanapita Bujora bila kusimama, yanakwenda Asia, yanarudi yakiwa simu ninayoilipia kwa mshahara wa mwezi. Katika miaka ya 1960 na 1970 tulikuwa tukiunganisha redio za National pale Dar es Salaam. Vijana wetu wanaotengeneza simu kwenye vibanda vya Mwanza, kwa koleo na taa ya mezani, wanajua kuifungua na kuifunga simu kuliko wengi wetu tunavyojua kuitumia. VETA iwatazame hao kwanza.

Ama kuhusu gharama, Idara zinazohusika zisiseme kwamba hakuna takwimu. Daftari langu la mwezi ule lipo, lina tarehe na bei. Ofisi yo yote itakayopenda kulikagua italikuta katika kabati la ofisi ya walimu, chini ya daftari la mahudhurio. Naomba tu ije saa za kazi.